Kufundisha Uamuzi wa Kugawa Jina la Biashara: Mada ya Fransaizi katika Elimu ya Biashara

Miongoni mwa mada ambazo walimu wa Elimu ya Biashara huzipitia mbio, fransaizi yaweza kuwa ya kwanza. Aghalabu mwalimu huandika maana yake ubaoni kwa sentensi moja, hutaja faida tano na hasara tano, wanafunzi hunakili, na kipindi kinachofuata huingia mada nyingine. Mtihani ukija, faida na hasara hizo hurudishwa kwa mwalimu zikiwa nzima kama zilivyotolewa. Madhumuni ya makala haya ni kuonyesha jinsi mada hii iwezavyo kufundishwa kama shauri la kukatwa, yaani jambo ambalo mwenye biashara hana budi kulipima kabla ya kutamka ndiyo au la, na ambalo akilikata vibaya huteketeza fedha za watu wawili kwa pamoja.

Tunasema watu wawili kwa makusudi. Mada hii huelezwa zaidi kwa upande wa yule mwenye biashara iliyokwisha kustawi: apanue vipi, apate nini, ajihadhari na nini. Yule wa pili, atoaye fedha zake ili aendeshe tawi kwa jina la mwenzake, hutajwa pembeni tu. Katika kusimamia mazoezi ya kufundisha tumeona kwamba mwanafunzi akiulizwa kama mwenye mkahawa fulani agawe jina lake, hukimbilia kusema ndiyo, maana hesabu anayoiona ni ya ada zinazoingia. Mhamishe kiti, umwambie kwamba fedha zitakazotolewa ni kiinua mgongo cha mama yake, na mara moja huwa mtu mwangalifu. Somo tunalolipendekeza limejengwa juu ya kuhama huko. Shabaha yake ni kumwezesha mwanafunzi kujibu swali moja: kile kinachoifanya biashara hii ipendwe, je, chaweza kukabidhiwa kwa mtu mwingine, mwenyewe asiwepo, na bado ikabaki faida ya kuwatosha wote wawili?

Maana na mipaka yake

Fransaizi ni mapatano ambayo kwayo mwenye chapa humruhusu mtu mwingine, ambaye katika makala haya tutamwita mpewa idhini, kuendesha biashara kwa jina, alama na utaratibu wa mwenye chapa, lakini kwa mtaji wa mpewa idhini mwenyewe. Mpewa idhini hulipa ada ya kuingia mara moja, kisha hulipa mrabaha kila mwezi au kila wiki, na mrabaha huo kwa kawaida huhesabiwa kwa asilimia ya mauzo. Mwalimu alitilie mkazo neno mauzo tangu siku ya kwanza. Wanafunzi wengi husikia "asilimia ya faida", na kosa hilo huharibu kila hesabu inayofuata.

Yafaa pia kuondoa mchanganyiko mapema. Wakala wa fedha kwa simu aliyeko pembeni mwa kituo cha basi si mpewa idhini kwa maana yetu: yeye hufanya shughuli za kampuni na kulipwa kamisheni, na pengine palepale huuza na vocha na maji ya kunywa apendavyo. Mtu aliyefungua duka na kulipaka rangi na jina linalofanana na la jirani yake aliyestawi, huyo ni mwigaji. Mfano ulio karibu na wanafunzi ni ule wa soda. Mwanafunzi wa Moshi na mwenzake wa Mwanza hunywa Coca-Cola ya ladha moja, ilhali ya Moshi imejazwa na Bonite na ya Mwanza imejazwa na Nyanza. Chapa ni ya mwingine, viwanda ni vya wengine. Tutaurudia mfano huu tutakapofika kwenye mkataba, kwa kuwa historia yake ina funzo kubwa.

Kwa kazi hii yote tunapendekeza vipindi vinne vya dakika 40, cha kwanza na cha pili vikiwa vimeunganishwa iwapo ratiba inaruhusu. Mfano utakaotumiwa tangu mwanzo hadi mwisho ni wa kubuni: mama mmoja mwenye mkahawa mjini Morogoro, karibu na stendi ya Msamvu, anayeuza chai, chapati, supu na pilau, na ambaye mkahawa wake hujaa kila siku kuanzia alfajiri. Mjane mmoja, muuguzi aliyestaafu, amemjia na kumwomba amruhusu kufungua mkahawa wa jina lile lile mjini Dodoma. Kila mwalimu abadilishe mji na vyakula kulingana na mahali alipo. Shule ya Tanga ina mifano yake, na ya Bukoba ina yake.

Kuandika chai

Kipindi cha kwanza hakihitaji hesabu hata kidogo. Vifaa vyake ni jiko, sufuria, maji, maziwa, majani ya chai, tangawizi, sukari, vikombe na saa. Darasa ligawanywe makundi mawili. Kundi la kwanza liandike katika karatasi namna ya kupika chai ya maziwa yenye tangawizi, kama ipikwavyo na mama wa Morogoro. Kundi la pili lichukue karatasi hiyo na kupika kwa kufuata maandishi tu, pasipo kuuliza neno na pasipo kutumia ujuzi wao wa nyumbani.

Karibu kila mara karatasi ya kwanza husema: weka majani ya kutosha, tangawizi kidogo, acha ichemke vizuri. Hapa mwalimu awe mkali. Kutosha kwa nani? Kidogo ni kijiko au ni kipande cha kidole? Mpishi aliyepewa karatasi ile ana haki ya kutia majani nusu pakiti, na tumeshuhudia wapishi wakitia kweli, kwa furaha kubwa. Kundi la kwanza likionja chai yao wenyewe iliyopikwa na wengine, somo limekwisha kueleweka kabla mwalimu hajalisema. Waandike upya: maji lita 1, maziwa nusu lita, vijiko 3 vya chai vya majani, tangawizi iliyotwangwa kijiko 1 cha mezani, dakika 5 tangu ianze kuchemka. Chai ya pili hukaribia ile iliyokusudiwa.

Baada ya zoezi hilo mwalimu agawe ubao sehemu tatu. Katika ya kwanza yaandikwe yale ya mkahawa wa Morogoro yanayoweza kuwekwa katika maandishi: vipimo vya chai, bei, saa ya kufungua, namna ya kuosha vyombo. Katika ya pili yaingie yale yasiyoandikika vyema lakini yanayofundishika kwa kuonyesha na kurudia, mathalani ulaini wa unga wa chapati mkononi. Sehemu ya tatu ni ya mambo yanayoondoka pamoja na mwenyewe. Mama huyu huwajua madereva wa mabasi kwa majina. Humkopesha mpiga debe tangu tarehe 20 hadi mwisho wa mwezi na hulipwa. Akimwona mzee amekaa muda mrefu bila kuagiza, humpelekea supu. Wanafunzi waachwe wajaze wenyewe, na wabishane kuhusu sehemu ambayo jambo fulani lastahili kukaa. Je, kauli njema yafundishika? Tumewahi kusikia darasa likilibishania hilo kwa kipindi kizima, nasi hatukuona kuwa muda umepotea.

Maana yake ni hii: ikiwa uzito wa biashara umelalia sehemu ya tatu, shauri la fransaizi liishie hapo. Mama atakuwa anauza jina tu, na mjane wa Dodoma atakuwa amenunua kibao cha mlangoni.

Hapo ndipo yafaa kuwasimulia wanafunzi habari za ndugu wawili wa California, Richard na Maurice McDonald. Mwaka 1940 walifungua mkahawa mjini San Bernardino, nao ukastawi. Mwaka 1948, biashara ikiwa bado inawalipa vizuri, waliufunga kwa muda ili waupange upya. Orodha ya vyakula ilipunguzwa kutoka takriban 25 hadi 9, na mkate wa nyama ukauzwa kwa senti 15. Walichora ramani ya jiko kwa chaki juu ya kiwanja cha tenisi, wakawafanya wafanyakazi watembee humo kama wanaopika, wakafuta na kuchora tena, hata wakaona hakuna hatua inayopotea. Walichokuwa wakifanya ni kuhamisha mambo kutoka sehemu ya tatu ya ubao wetu kwenda sehemu ya kwanza. Mwalimu aweza kuuiga mchoro ule kwa chaki katika uwanja wa shule, kwa jiko la chapati. Ni zoezi la dakika 15 na halina gharama.

Kiti cha mpewa idhini

Kipindi cha pili ndicho kiini cha somo, nacho kianze upande wa mjane wa Dodoma. Tusianze na mama wa Morogoro kamwe, kwa sababu wanafunzi wakishaiona ada inayoingia hawairudishi macho nyuma.

Mwalimu aandike ubaoni hesabu ya mwezi mmoja ya mkahawa wa Morogoro. Mauzo ni Sh. 9,000,000. Vyakula vyagharimu Sh. 4,500,000, yaani nusu ya mauzo. Mishahara ni Sh. 1,250,000, pango Sh. 500,000, gesi, mkaa, umeme na maji Sh. 550,000, leseni, kodi na mengineyo Sh. 400,000. Jumla ya matumizi ni Sh. 7,200,000, na ziada ni Sh. 1,800,000. Darasa litafurahi. Sasa mwalimu aulize: mshahara wa mama mwenyewe, anayefika saa 10 alfajiri na kuondoka saa 2 usiku, umo katika hesabu hii? Haumo. Hili ni jambo linalosahauliwa mno na wenye biashara ndogo, na kwa hiyo lipewe nafasi yake. Tuseme kazi hiyo, angelipwa mtu mwingine kuifanya, ingegharimu Sh. 600,000.

Kisha masharti yaletwe mezani. Mama wa Morogoro, kwa ushauri aliopewa, anataka ada ya kuingia ya Sh. 4,000,000, mrabaha wa asilimia 6 ya mauzo, na asilimia 2 ya mfuko wa matangazo. Wanafunzi wataona asilimia 8 kuwa ni kitu kidogo. Wapige hesabu. Asilimia 8 ya Sh. 9,000,000 ni Sh. 720,000. Ukiilinganisha na ziada ya Sh. 1,800,000, ni asilimia 40. Katika kila shilingi kumi ambazo mjane angebaki nazo mkononi, nne zimekwenda Morogoro. Zinabaki Sh. 1,080,000. Ondoa thamani ya kazi yake mwenyewe, Sh. 600,000, na kinachobaki kama malipo ya mtaji wake ni Sh. 480,000 kwa mwezi.

Na mtaji wenyewe ni kiasi gani? Ada ya kuingia Sh. 4,000,000, vyombo vya jikoni na samani Sh. 9,000,000, matengenezo ya nyumba Sh. 3,000,000, fedha za kuanzia kazi Sh. 2,000,000. Jumla Sh. 18,000,000. Kwa Sh. 480,000 kwa mwezi, itamchukua miezi 37 na nusu, yaani zaidi ya miaka mitatu, kuurudisha mtaji huo, iwapo mauzo ya Dodoma yatalingana na ya Morogoro tangu mwezi wa kwanza. Mwanafunzi yeyote aliyewahi kuona duka jipya likifunguliwa ajua kwamba hayatalingana.

Kwa hiyo hesabu irudiwe kwa mauzo ya Sh. 7,500,000. Vyakula vitashuka hadi Sh. 3,750,000, lakini yale matumizi mengine ya Sh. 2,700,000 hayashuki kwa sababu wateja ni wachache: pango ni lile lile na mpishi ni yule yule. Ziada yawa Sh. 1,050,000. Asilimia 8 ya mauzo ni Sh. 600,000. Zinabaki Sh. 450,000, ambazo hazifikii hata malipo ya kazi yake. Mjane amefanya kazi mwezi mzima, amepungukiwa na Sh. 150,000, na mtaji wake haujarudi hata senti, ilhali mama wa Morogoro amepokea mrabaha wake pasipo kupungukiwa na kitu isipokuwa sehemu ndogo. Wanafunzi walio na nguvu katika hisabati watafute kiwango ambacho mjane hapati wala hakosi. Katika kila shilingi 100 za mauzo, 50 ni za vyakula na 8 ni za Morogoro, hivyo 42 ndizo zinazobaki kubeba Sh. 3,300,000 za matumizi yasiyobadilika na kazi yake. Jibu ni karibu Sh. 7,860,000. Ni punguzo la chini ya Sh. 1,150,000 tu kutoka mauzo ya Morogoro, na chini yake kiinua mgongo kinaanza kuliwa.

Twapendekeza kipindi kifungwe hapo, pasipo mwalimu kutoa hukumu. Waende nayo bwenini.

Kiti cha mwenye chapa

Sasa ndipo darasa lihamie Morogoro. Kwa tawi moja linalouza Sh. 9,000,000, mama hupata mrabaha wa Sh. 540,000 kwa mwezi, kwa kuwa ile asilimia 2 ni ya matangazo wala si yake. Lakini akishagawa jina hana budi kulilinda. Atahitaji mtu wa kwenda Dodoma kuonja supu, kukagua jiko na kupitia daftari la mauzo. Tuseme mshahara wa mkaguzi ni Sh. 700,000 na nauli, malazi na simu Sh. 300,000. Jumla ni Sh. 1,000,000. Kwa tawi moja mama anapungukiwa na Sh. 460,000 kila mwezi. Kwa matawi mawili anabaki na Sh. 80,000. Faida ya kuonekana huanza tawi la tatu. Ada ya kuingia itamsaidia mwanzoni, lakini hiyo hulipwa mara moja, nayo yapaswa kulipia mafunzo, mwongozo ulioandikwa na mwanasheria.

Mwanafunzi mwepesi atauliza: kwa nini basi asifungue tawi lake mwenyewe? Swali hilo lisipoulizwa, mwalimu aliulize. Tawi lake mwenyewe halina ada ya kuingia, hivyo lataka Sh. 14,000,000. Likiuza kama Morogoro, na akimlipa meneja Sh. 600,000, litampa Sh. 1,200,000 kwa mwezi, zaidi ya mara mbili ya mrabaha. Kwa karatasi, tawi la mwenyewe lashinda. Lakini meneja wa mshahara halali njaa mauzo yakishuka. Nyama ikipungua kilo moja njiani kati ya soko na sufuria, si nyama yake. Mjane aliyetia kiinua mgongo chake chote atahesabu kila andazi. Ndiyo sababu ya ndani ya fransaizi, na ndiyo maana hufaa zaidi pale ambapo matawi yako mbali na jicho la mwenyewe, na ambapo mwenyewe hana mtaji wala hataki kukopa. Panapokosekana sababu hizo mbili, tawi la mwenyewe, hata likikua polepole, kwa maoni yetu ni shauri bora.

Historia ya wale ndugu wa California yaweza kuendelezwa hapa. Kabla ya mwaka 1954 walikwisha kuuza idhini kadhaa, ya kwanza ikiwa ya mji wa Phoenix kwa dola 1,000, na wakawaacha wanunuzi wafanye walivyoona. Mwaka 1954 alikuja Ray Kroc, mwuzaji wa mashine za kuchanganyia maziwa, akapatana nao kuwa yeye ndiye atakayegawa idhini nchini Marekani. Mwaka 1955 alifungua mkahawa wake Des Plaines, Illinois. Kila mpewa idhini alilipa dola 950 na asilimia 1.9 ya mauzo. Katika hiyo, asilimia 0.5 ilikwenda kwa ndugu wale na 1.4 ikabaki kwa Kroc ili aajiri wakaguzi na kufundisha. Darasa lililokwisha kufanya hesabu ya mkaguzi wa Morogoro litaona lenyewe kwamba asilimia 1.4 haitoshi. Na haikutosha. Mwaka 1956, kwa fikra ya Harry Sonneborn, kampuni ilianza kukodi viwanja na kuwapangisha wapewa idhini kwa pango la juu zaidi. Pango ndilo lililoifanya kampuni isimame, wala si mrabaha. Isitoshe, mwenye nyumba ana nguvu ya kumwondoa mpangaji mchafu, nguvu ambayo mwenye chapa peke yake mara nyingi hana.

Mkataba

Juu ya mkataba twaweza kusema machache, kwa kuwa mwalimu wa biashara si wakili, na ni vema wanafunzi wasikie akilikiri hilo. Hata hivyo kuna mambo ambayo darasa laweza kuyagundua kwa kuigiza mazungumzo kati ya mama na mjane, kila upande ukiwa na washauri wawili. Waigizaji wazungumze kama watu wa kweli wa makamo hayo: mjane atamwita mwenzake "dada", na mambo mazito yataanza baada ya kuulizana hali za watoto. Undugu huo wa maneno ndio hasa unaowafanya watu waache kuandika.

Muda ni jambo la kwanza. Hapa turejee kwenye soda. Mwaka 1899 mawakili wawili wa Chattanooga, Benjamin Thomas na Joseph Whitehead, walipewa na Asa Candler haki ya kuijaza Coca-Cola katika chupa karibu katika Marekani yote, kwa dola 1. Bei ya shira ilifungwa, na mkataba haukuwekewa mwisho. Candler hakuona kuwa chupa zitakuwa biashara kubwa. Bei ya sukari ilipopanda sana wakati wa vita vya kwanza vya dunia na baada yake, kampuni ilijikuta imefungwa na bei ya zamani, na ugomvi ukafika mahakamani mwaka 1920 kabla ya kusuluhishwa mwaka 1921 kwa bei kuruhusiwa kufuata sukari. Waulize wanafunzi: unga wa ngano ukipanda, nani atabeba?

Jambo la pili ni mahali pa kununua mahitaji. Mwenye chapa hutaka bidhaa za namna moja, na ni haki yake. Lakini sharti hilo laweza kugeuka kitanzi. Mapema mwaka 2022 migahawa ya KFC nchini Kenya iliishiwa chipsi, kwa kuwa viazi vyake vililetwa kutoka nje na meli zilichelewa, ilhali wakulima wa Nyandarua walikuwa na viazi vyao. Viazi hivyo havikuwa vimepitishwa katika utaratibu wa ubora wa kampuni. Wananchi walikasirika, na kampuni ikaeleza kuwa itatafuta viazi vya nchini. Mjane wa Dodoma akilazimishwa kununua viungo vya pilau Morogoro kwa bei ya mama, hiyo nayo ni ada, ijapokuwa haiitwi ada.

Jina lenyewe lazima liwe la mama kwa sheria kabla hajaligawa. Tanzania Bara alama husajiliwa BRELA kwa Sheria ya Alama za Biashara na Huduma ya mwaka 1986. Usajili wa kwanza ni wa miaka 7, kisha huhuishwa kwa miaka 10. Zanzibar ina sheria yake na msajili wake, hivyo alama iliyosajiliwa Bara tu haimlindi mama Unguja. Jambo hili halijulikani na wengi, hata miongoni mwa wafanyabiashara wa siku nyingi. Tena darasa lielezwe yaliyowapata ndugu McDonald: walipomwuzia Kroc haki zote mwaka 1961 kwa dola milioni 2.7, walibaki na mkahawa wao wa San Bernardino, lakini jina lao la ukoo hawakuruhusiwa kulitumia tena mlangoni. Wakauita The Big M.

Mwisho, mjane aonyeshwe hesabu za kweli kabla ya kutia sahihi, na apewe siku za kwenda kuzifikiria nyumbani. Marekani kanuni iliyotolewa mwaka 1978 humtaka mwenye chapa kutoa maelezo kwa maandishi mapema, na muda wake sasa ni siku 14. Afrika Kusini, chini ya Sheria ya Kumlinda Mlaji ya mwaka 2008, mpewa idhini aweza hata kujitoa ndani ya siku 10 za kazi baada ya kutia sahihi. Mahali pasipo na sharti kama hilo, laweza kuandikwa katika mkataba wenyewe, na mwanafunzi anayemshauri mjane asiondoke mezani kabla halijaandikwa.

Kupima

Swali la mtihani lisiwe "Taja faida za fransaizi." Mpe mwanafunzi hesabu ya biashara nyingine, ya kinyozi au ya fundi cherehani, na maelezo ya nusu ukurasa kuhusu mwenyewe na kazi yake, kisha aulizwe: agawe jina, afungue tawi lake, au abaki alivyo? Alama nyingi ziende kwa hoja na hesabu. Jibu la "bado, mpaka aandike utaratibu wake na kuona kama tawi moja la kwake mwenyewe lastawi miezi 12 bila yeye" lapaswa kupata alama kamili sawa na jibu la ndiyo lililothibitishwa. Sisi wenyewe, kwa mkahawa wa Morogoro, twaelekea jibu hilo la "bado". Mwalimu asilitamke mpaka darasa limekwisha kupiga kura.

Kazi ya nyumbani yaweza kuwa kumtembelea mtu mmoja anayeendesha biashara kwa jina la mwingine, kama vile kituo cha mafuta chenye chapa ya kampuni kubwa, na kumwuliza ni yapi anayoruhusiwa kuyaamua mwenyewe. Wanafunzi wapewe barua yenye mhuri wa shule. Wakienda mikono mitupu na daftari wakauliza habari za mauzo, watadhaniwa kuwa wametumwa na watu wa kodi, na hawatajibiwa.